Adabu kwenye Karatasi

Ukimuuliza mtu wa Mtaa wa Mwangaza, hapo Tunduma, nani aliyeiua maktaba yao, atakutajia Aliko na tamaa yake ya fremu za biashara. Wengine wataitaja serikali, kwa kuwa serikali haikosi kutajwa penye msiba. Ikupa, aliyeitunza maktaba hiyo kwa miaka ishirini na saba, ana jibu lake, na hakuna aliyeweza kumtoa humo. Husema ameiua yeye mwenyewe, kwa kalamu yake, kwa neno moja alilolichagua kwa heshima zote. Ubaya wa jibu hilo ni kwamba ukilipima vizuri, huoni pa kumbishia.

Ikupa alizaliwa milimani Ileje, juu kabisa ya Isongole, akalelewa na bibi yake mzaa mama. Bibi huyo alikuwa na ulimi mkali na sheria nyingi, na sheria iliyowatesa wajukuu kuliko zote ilihusu kupokea. Mtu mzima akikupa kitu, awe amekupa jembe, mbuzi au kipande cha shamba, hukuruhusiwa kusema "amenipa." Kusema amenipa kulikuwa sawa na kumzika mtu mzima angali hai na kuanza kugawana mali zake. Ulitakiwa kusema "ameniazima." Mwenyewe angecheka, angesema chukua ni chako, nawe ungeitikia, "Ahsante kwa kuniazima." Hata akishafariki neno halikubadilishwa, maana kwa bibi yule heshima haikuwa na tarehe ya kwisha.

Siku moja, Ikupa akiwa na miaka saba, mjomba alimletea tetea mwekundu. Mtoto akatoka mbio kwa furaha, akawatangazia majirani, "Mjomba kanipa kuku!" Bibi alimwita ndani akamgonga mwiko kwenye vifundo vya vidole, mara tatu, taratibu, kama anayehesabu. "Nani kakupa? Mjomba wako amekufa?" Tangu siku hiyo Ikupa hakukosea tena, si kwa Kindali cha kwao wala kwa Kiswahili.

Alishuka Tunduma mwaka 1994 kama mke wa Gwamaka, karani wa kampuni ya kutoa mizigo mpakani. Tunduma ile ilikuwa vumbi, malori, na watu wenye shilingi mfuko huu na kwacha mfuko ule. Ikupa alikuwa na cheti cha kidato cha nne na hakuwa na kazi. Alikuwa akiwaandikia majirani barua na kuwajazia fomu, na ndivyo alivyofahamiana na Mzee Ambakisye.

Mzee huyu naye alitokea Ileje, akatajirika kwa mahindi. Alikuwa na ghala la matofali kando ya barabara, wake wawili, na donda moja moyoni. Miaka ya nyuma aliwahi kutia dole gumba kwenye karatasi aliyoambiwa ni ya ushuru. Kumbe ilikuwa hati ya kukiri kwamba shehena yake ya mahindi ni mali ya mtu mwingine. Mahindi yakaenda Zambia, yeye akabaki anakitazama kidole chake. Hakuna kilichomuuma kama ule wino, kwa sababu aliutia mwenyewe, tena huku anatabasamu.

Kwa hiyo wakazi walipomwendea mwaka 1997 kuomba chumba kimoja cha kuweka vitabu vya watoto, aliwashangaza. Aliwakusanya mbele ya ghala, akamwambia mke wake mdogo, Gwantwa, achinje kuku, akasema kwa sauti kubwa, "Nawapa ghala lote na kiwanja chake. Wajukuu wa mtaa huu wasome, wasije wakadhulumiwa na karatasi kama mimi." Watu walipiga vigelegele, kuku akaliwa. Hakuna aliyeandika chochote. Nani angemwambia mzee aliyelizwa na karatasi atie tena dole gumba kwenye karatasi nyingine? Ingekuwa tusi. Waswahili wana msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hiyo waliujua wote, ila hakuna aliyekuwa na uso wa kuusema.

Ikupa akawa mkutubi. Alianza na vitabu arobaini na kimoja, rafu za mbao za makreti, na dumuzi waliobaki kwenye nyufa wakisubiri mahindi yasiyorudi. Nyumba ilinukia mahindi kwa miaka mitatu. Posho ilikuja miezi mingine na miezi mingine haikuja. Vitabu viliongezeka, vya misaada, vya wastaafu, vya marehemu ambao watoto wao hawakujua pa kuvitupa. Mwaka wa kumi na tano vilipita elfu tatu. Madereva wa Zambia waliokwama kwenye foleni ya malori waliingia kusoma magazeti ya wiki iliyopita, wakitoka wanashukuru kwa Kibemba, "Natotela, bamayo," yaani ahsante, mama. Mfugaji mmoja, Mayala, alikuwa akipanda kutoka bondeni Momba siku za mnada, anasoma kitabu cha magonjwa ya ng'ombe akiwa amesimama, fimbo kwapani. Aliogopa kwamba akikaa atasinzia.

Kila kitabu kilikuwa na kadi yake, na kila kadi ilikuwa na mistari miwili kwa mwandiko wa Ikupa: ameazima tarehe fulani, arudishe tarehe fulani. Gwamaka alimtania mpaka alipofariki kwamba amemwoa mwanamke anayejua kitenzi kimoja.

Jioni kulikuwa na kisomo cha watu wazima. Waliokuja wengi wao wakaacha, lakini Gwantwa, yule mke mdogo wa Mzee Ambakisye, alikaa hadi mwisho. Alianza akiwa na miaka hamsini na ushee, mikono imekakamaa kwa jembe, akivunja ncha za penseli kila siku. Ulimi wake ulikuwa haujui z. Kwake zawadi ilikuwa sawadi, na nzige walikuwa nsige. Ikupa alikaa naye wiki nzima kwenye herufi hiyo moja, wanawake wawili watu wazima wakinguruma midomo kama nyuki wa mzinga mmoja, mpaka wapita njia wakawa wanachungulia dirishani. Z ilipotoka, Gwantwa alilia. Baadaye alikuwa akisoma mabango yote ya barabarani kwa sauti, ya saruji, ya waganga, ya mikutano ya injili, hata kama hukumuuliza.

Kitu alichokipenda zaidi kilikuwa somo alilowapa Ikupa siku ya kwanza, na ambalo Ikupa alilirudia kwa kila darasa kwa sababu ya kisa cha mzee. "Mdomoni mtu husema lolote," aliwaambia, "lakini akiandika, amekusudia. Kwa hiyo soma kabla hujatia sahihi, na ukishasoma, amini ulichokisoma kuliko ulichosimuliwa." Lilikuwa somo zuri. Kuna watu mtaani lile somo liliwaokolea mashamba.

Mzee Ambakisye alifariki mwaka 2011. Mwaka 2022, maktaba ilipotimiza miaka ishirini na mitano, kamati iliamua kufanya sherehe. Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Efraimu, mstaafu mwenye moyo mwema na haraka nyingi, alimwambia Ikupa, "Dada, tuandikie historia. Kurasa nne tu. Wewe ndiye unayejua yote."

Ikupa aliandika wiki tatu. Aliandika dumuzi, makreti, mvua ya mwaka ule iliyong'oa bati. Alipofika ukurasa wa pili, penye kiwanja, aliandika: "Marehemu Mzee Ambakisye alitupa kiwanja hiki pamoja na ghala." Akasoma. Akasoma tena. Alitupa! Kiswahili nacho kina vituko vyake. Mtu asiyejua angedhani mzee alikitupa kiwanja jalalani. Angeweza kuandika kwamba alitupatia, au alikitoa, au alitujalia, na leo tungekuwa tunaongea mengine. Lakini alipokuwa anatafuta neno, vifundo vya vidole vilimkumbusha. Mzee alikuwa mtu wa kwao milimani. Familia yake ingekuwepo pale kwenye sherehe, ingesikia likisomwa mbele za watu. Ikupa alikata mstari, akaandika kwa mwandiko wake wa kadi: "alituazima kiwanja hiki pamoja na ghala." Aliliona neno hilo limekaa vizuri, limevaa nguo za heshima. Alifurahi, maskini.

Mwalimu Efraimu aliipeleka steshenari ikachapwa, akatoa nakala sitini. Ikupa akasaini kila moja na kuigonga muhuri wa maktaba. Nakala ya kwanza kabisa alipewa Aliko, mjukuu wa mzee kwa mke mkubwa, aliyekuja kuiwakilisha familia. Alikuwa na biashara yake ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na wakati huo hakuwa na habari na ghala la babu. Ikupa alimkabidhi kwa mikono miwili, amepiga goti. Watu wakapiga makofi.

Miaka miwili baadaye viwanja vya kando ya barabara vikawa dhahabu. Aliko alirudi, akapima ghala kwa macho, akaona fremu kumi na mbili pale ambapo wengine waliona rafu. Sitamsema vibaya kuliko anavyostahili. Hakuiba, hakughushi, hakuhonga mtu yeyote anayejulikana. Alikwenda nyumbani akafungua droo, akatoa historia ya maktaba.

Shauri lilipofika baraza la ardhi, Ikupa hakuogopa. Alijua ukweli uko upande wake, na alikuwa na shahidi aliyeuona kwa macho. Alivaa kitenge chake cha kanisani akaketi mbele, na Mwalimu Efraimu pembeni yake. Nusu ya mtaa ilijaa nyuma yao. Wote walijua kinachogombewa: wakishindwa, nyumba inavunjwa, na mtaa hauna pengine pa kuweka hata rafu moja.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa mtu mpole. Alimwonyesha Ikupa zile karatasi.

"Mama, hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Muhuri?"

"Wa maktaba. Nimeugonga mwenyewe."

"Ulilazimishwa kuandika hivi?"

"Hapana, mheshimiwa. Ila naomba nieleze. Kwetu, mtu mzima akikupa kitu, kwa adabu tunasema ameazima. Sikumaanisha..."

Aliko akaomba ruhusa ya kuuliza swali. Alikuwa na heshima mpaka inaudhi. "Mama yangu, umekuwa mkutubi miaka mingapi?"

"Ishirini na saba."

"Na kitabu mtu akikiazima kwako, kwenye kadi unaandikaje?"

"Ameazima."

"Ulikuwa unataka kirudi, au kwa adabu unamwachia?"

Watu walicheka. Hata waliokuwa upande wake walicheka, kicheko kikawaponyoka kabla hawajajua wanamcheka nani. Ikupa alisema polepole, "Nilitaka kirudi."

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ikupa alilisikia la mkuu, akalishika miaka hamsini bila kukosea, na guu likavunjika vilevile. Waliotunga msemo huo hawakufika baraza la ardhi.

Lakini alibaki Gwantwa. Aliitwa akasimama, kikongwe wa miaka karibu themanini, mwembamba, macho makavu. Aliulizwa anajua nini, akajibu bila kutetemeka. "Nilikuwepo. Kuku nilimchinja mimi. Mume wangu alisema nawapa, ghala na kiwanja chake. Nilimsikia kwa masikio haya." Minong'ono ikapita nyuma. Mwenyekiti wa baraza aliandika, akainua kichwa, akaandika tena. Mwalimu Efraimu alimbonyeza Ikupa mkono. Kwa dakika mbili tatu maktaba ilikuwa imepona.

"Bibi," Aliko alisema, "wewe unajua kusoma?"

Laiti angesema hapana. Ajuza wa umri wake, nani angemlaumu? Lakini Gwantwa alinyoosha mgongo. "Najua. Alinifundisha huyu," akasema, akimwonyesha Ikupa kwa kidevu, "na amenifundisha vizuri."

"Hebu tusomee mstari huu. Huu hapa, bibi, nilioupigia wino."

Gwantwa alichukua karatasi. Alitoa miwani kwenye fundo la kanga, akaivaa, akausogeza ukurasa wa pili mbali, kisha karibu. Baraza zima lilimsubiri. Alisoma kwa kidole, silabi moja moja, kwa sauti ya darasani. "Ma-re-he-mu M-ze-e A-mba-ki-sye..." Alitabasamu kukutana na jina la mumewe kwenye maandishi. Akaendelea. "A-li-tu-a-zi-ma." Z ilitoka safi, ikanguruma kidogo hewani. Ikupa aliisikia na kwa nukta moja, Mungu amsamehe, alijisikia fahari.

Gwantwa alisimama hapo. Alirudisha kidole mwanzo wa mstari, akaupitia tena kimyakimya, midomo ikicheza. Kisha akamgeukia Ikupa, si kwa hasira, bali kwa mshangao wa mtu aliyeambiwa jambo la nyumbani kwake na mgeni.

"Mwalimu, kumbe alituazima?"

"Hapana, mama! Ni adabu tu. Unaijua adabu ya kwetu. Ulisikia mwenyewe alivyosema."

"Adabu naijua, ni ya mdomoni," Gwantwa akasema. Alitikisa kichwa. "Lakini hii ni karatasi. Ulitufundisha wewe. Mtu akiandika, amekusudia." Akamgeukia mwenyekiti wa baraza. "Mzee wangu ni siku nyingi alisema. Labda mimi ndiye niliyesikia vibaya. Andikeni kama ilivyoandikwa."

Akavua miwani, akaifunga kwenye kanga.

Ikupa hakusikia kilichosemwa baada ya hapo. Mwalimu Efraimu aliinuka akapinga, akasema shahidi amechanganyikiwa, wakamkalisha. Gwantwa hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote waliowahi kupita katika ghala lile, na alifanya alivyofundishwa.

Hukumu ilitoka baada ya wiki sita: kiwanja kirudi kwa warithi wa mwazimishaji. Kamati ilizungumza kukata rufaa, ikazungumza tena, kisha ikaacha kuitana. Vitabu vilifungwa kwenye magunia ya mahindi, maana hakukuwa na makasha, vikapelekwa kwenye stoo ya mtaa ambako paa linavuja. Ikupa aliomba funguo za stoo ili awe anakwenda kuvianika. Aliambiwa mwenye funguo yuko safarini Chitete. Akaenda tena, akaambiwa amerudi lakini amekwenda Mlowo. Mara ya tatu aliviona kupitia dirishani. Maji yalikuwa yamefika gunia la pili kutoka chini, na kutoka pale pale dirishani alijua kwa unene wake ni vitabu vipi vilivyolowa. Hakurudi tena.

Ghala lilivunjwa kwa siku moja na nusu. Fremu zilipanda haraka. Ikupa alikuwa akipita njia ya nyuma kwenda kanisani ili asizione, njia ndefu yenye matope, na watu walipomuuliza alisema anafanya mazoezi. Kanisa lilimwomba aandike historia ya kwaya. Alikataa. Walipombembeleza alisema macho yamechoka, ila ukweli ni kwamba hakuamini tena neno lolote analoliandika. Kila neno aliligeuza akatazama upande wa pili, na kila neno lilikuwa na upande wa pili. Hata orodha ya sokoni aliacha kuiandika, akawa anasahau chumvi.

Mwezi wa nne baada ya hukumu, mchana, Gwantwa alimtembelea. Alikuja kwa miguu, na ndizi mbivu kwenye kikapu. Ikupa alimpokea kikapu, akamwekea kigoda, akamsongea ugali. Walikula, wakaongea habari za mvua na za miguu ya Gwantwa inayovimba. Kuhusu maktaba hawakusema neno. Ikupa alimtazama akitafuta dalili yoyote, ya toba au ya hasira. Angeipokea yoyote. Hakukuwa na kitu usoni pale ila umri.

Baada ya kunawa, Gwantwa alikaa akivuta na kukunjua pindo la kanga kama binti. Kisha akasema, "Mwalimu, kuna jambo nataka kukuuliza tangu siku ile. Nikaona haya, watu walikuwa wengi."

"Uliza, mama."

"Pale barazani. Mbele ya wale wakubwa wote. Sikuwahi kusoma mbele ya watu wakubwa vile." Akainua macho. "Nilisoma vizuri?"

Ikupa alidhani atapiga kelele. Angeweza kumwambia. Angeweza kumweleza yote, neno kwa neno, akamwachia kikongwe huyo mzigo aende nao kaburini. Aliutazama uso ule uliokuwa ukisubiri, ukisubiri kama ulivyosubiri jioni zote zile juu ya penseli iliyovunjika.

"Ulisoma vizuri, mama," alisema. "Hukukosea hata herufi moja."

Gwantwa alicheka kwa furaha, akajipiga paja.